Kumsaka Konokono wa Mwisho wa Chesang

Njooni, enyi wana wa Nakuru, hata nyinyi mlio na vidole masikioni, msikie habari za Muiruri, yaani mimi, mlisha-konokono wa maabara, mgawaji wa kabichi za Dundori, ambaye tangu azaliwe hajawahi kushindwa mbio na konokono.

Asubuhi ya leo nilikuta beseni tupu.

Na aliyetoroka humo ndiye aliyekuwa konokono wa mwisho wa Chesang, msomi wa neva, ambaye profesa wake alikuwa anakuja saa nne kuona jaribio. Likikosekana, Chesang arudie mwaka mzima. Dawa ilishakorogwa: tetraethilamonia, shujaa wa mikono minne, ambaye kazi yake ni kuingia kwenye milango ya potasiamu ya neva za konokono na kusimama pale kama shangazi mnene mlangoni pa harusi, hapiti mtu, hata ishara ya umeme ikachelewa kuzimika. Shujaa yupo. Mlango wa kuziba ndio umetembea.

"Muiruri," akasema Chesang kwa upole wa kutisha, "jana ulifunika beseni?"

"Ewe Chesang," nikamjibu, "taifa likivamiwa, haliulizi nani alilala lindo. Linachukua silaha."

Basi nikatwaa koti langu jeupe msumarini, nikalivaa kama deraya, nikaingia vitani. Nikapindua viti. Nikalala kifudifudi chini ya friji, nikamenyana na majeshi ya vumbi. Hatimaye nikaona ute wa adui ukutani, nikaufuata kwa ushujaa usio na haraka, ukapanda, ukapanda, ukafika kwenye ule msumari wa koti, ukaishia hapo. Nikawatangazia wote kwamba konokono huyu ameota mabawa.

Saa nne ikikaribia, kwa mkono huu mnaouona, nikamtia nguvuni. Tetraethilamonia akashika mlango, mstari wa kompyuta ukarefuka, profesa akasema "sawa", Chesang akalia kidogo, na sayansi ya Bonde la Ufa ikaokolewa na mtu mmoja.

Nilikuwa nimefika hapo na simulizi langu, kibanda kizima cha chapati kimeacha kutafuna, Shiko anayesafisha maabara akaweka kikombe chini.

"Boss, si uwaambie pia ni mimi nilimbandua kwa mgongo wako? Ulizunguka ukimtafuta na umembeba." Akawageukia wengine. "Bado ako na hiyo koti. Mwambieni ageuke muone ute."

Nikaegemeza mgongo ukutani.