Mshenga wa Makao Makuu

Kila asubuhi, kabla hajaanza kumtapeli mtu yeyote, Injinia alikunywa chai. Aliinywa kibarazani kwa fundi cherehani, juu ya kigoda chenye mguu mmoja mfupi, huku fundi mwenyewe akiwa ndani, nyuma ya pazia, akikimbiza cherehani yake. Injinia hakuwa injinia. Jina hilo lilikuja pamoja na mkoba wa ngozi alioununua mnadani, na ndani ya mkoba mlikuwa na bisibisi moja, gazeti la zamani na kipande cha mkate. Lakini ukimwona ameupakata magotini, ungempa hata moyo wako aufungue autazame.

"Sukari imetosha?" fundi aliuliza kutoka ndani, kama kawaida.

"Imetosha," Injinia alijibu, kama kawaida. Kila siku alikuwa na neno la kuongeza, na kila siku neno hilo lilipanda mpaka kooni, likaona watu wengi barabarani, likateremka tena na chai.

Asubuhi hiyo halikupata hata nafasi ya kupanda. Kivuli cha mtu kilitua juu ya kikombe.

Alikuwa mzee mmoja aliyenyooka kama mlingoti, amekumbatia leso iliyofungwa fundo. Mtaa mzima ulimwita Bwana Kufuli. Alikuwa mgane, mwenye nyumba za kupangisha, na kwake hapakuwa na kitu kisichofungwa. Friji lilikuwa na kufuli. Kopo la sukari lilikuwa na kufuli. Wapangaji walisema hata ndoto zake huziota akiwa ameshika funguo.

"Kijana, naambiwa wewe ni mtu wa mitambo," alisema, akafungua leso. Ndani kulikuwa na kijiti cheusi, kirefu kama kidole, kile cha kuchomeka nyuma ya televisheni ili ilete filamu za mtandaoni. "Nimekinunua kipya. Nakiwasha, kinaniuliza lugha, nakijibu. Kinaniuliza jina, nakijibu. Tunafika hatua ya mwisho, kinazunguka, kinazunguka, halafu kinaniambia imeshindikana, jaribu tena. Mimi mtu mzima nahojiwa na kijiti, na bado nafeli."

Injinia alikipokea kwa ncha za vidole, akakinusa. Kunusa hakuna faida yoyote katika ufundi huo, lakini mteja akishaona kitu chake kimenuswa huwa anajua yuko mikononi mwa mtaalamu.

"Televisheni yenyewe ni kubwa kiasi gani, mzee wangu?"

"Imemaliza ukuta."

Injinia aliweka kikombe chini taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyesikia adhana.

"Tangulia nyumbani. Nakuja na vifaa."

Mzee alipokata kona, Injinia alinong'ona kwenye pazia. "Fundi, makao makuu yajiandae."

Cherehani ikanyamaza. Makao makuu yalikuwa yeye. Kila mteja alipoanza kutia shaka, Injinia alimpigia fundi simu kwa spika, naye akaitika kwa sauti laini ya bibie wa ofisini, huku akikanyaga cherehani kwa nguvu ili isikike mitambo ikifanya kazi.

"Hii iwe ya mwisho," fundi alisema. "Nimechoka kuwa ofisi."

"Ya mwisho. Tukiipata hiyo televisheni, tunapumzika."

"Tunapumzika nani na nani?"

Injinia alikwishashika mkoba, ameshaondoka.

Sebuleni kwa Bwana Kufuli, Injinia alikuta televisheni kama mlango wa ghala. Alichomeka kijiti, akaona maswali, akajibu, akafika hatua ya mwisho. Kiduara kikazunguka. *Imeshindikana. Jaribu tena.*

"Na ruta iko wapi, mzee? Kile kiboksi chenye vitaa, kinachosambaza intaneti?"

"Ipo salama," alisema Bwana Kufuli kwa fahari, akaonyesha sefu ya chuma pembeni, nene kama ukuta wa gereza. "Wapangaji wangu wezi. Wananinyonya intaneti kupitia ukutani. Nikatoboa tundu la waya, nikaitia humo, nikafunga. Sasa wanyonye chuma."

Injinia aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, kwa sababu uso wake ulikuwa umeanza kumsaliti. Mzee alikuwa amewafungia intaneti wapangaji, na yeye mwenyewe, na kijiti chake. Mtu mwema angesema: fungua sefu, mzee wangu, kwaheri. Injinia alisimama na sura ya msiba.

"Kijiti hakina neno. Tatizo ni televisheni. Imekikataa."

"Imekikataa? Vitu vyote viwili ni vyangu."

"Damu haziendani. Ngoja niwaulize wakubwa."

Akapiga. Sauti ikajaa sebuleni, na nyuma yake mngurumo. "Makao makuu, kitengo cha ukamilishaji. Tukusaidie nini, mpenzi mteja?"

Bwana Kufuli, ambaye hakuwa ameitwa mpenzi tangu alipofiwa, alikaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo.

Makao makuu yalieleza kila kitu kwa upole. Televisheni za namna ile zilikuwa zinarudishwa kupimwa. Mteja aliyeirudisha kwa hiari alipewa nyingine, kubwa zaidi, bure.

"Kubwa kuliko hii?" Macho ya mzee yaling'aa. Tamaa nayo ilikuwa mpangaji wake, na ndiye pekee asiyedaiwa kodi. "Nitafikiri. Lakini bibie, nikiwa na swali jingine?"

Hapo ndipo Injinia alipofanya kosa. Ili mambo yaonekane halali, alimwandikia mzee namba ya makao makuu.

Aliporudi siku iliyofuata, Bwana Kufuli hakuzungumzia televisheni. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na alinukia marashi, kwa ajili ya simu.

"Jaribu tena kukiseti, kijana. Kikishindikana tumpigie yule bibie."

Kilishindikana. Wakapiga. Mzee aliuliza swali moja kuhusu kijiti na mengine kuhusu hali ya hewa huko makao makuu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Injinia akaona mambo yanachelewa; mzee alipokwenda kuchota maji, aliona funguo mezani, akafungua sefu, akaiacha wazi kidogo, ili pasiwe tena na sababu ya kupiga simu. Kiduara kikazunguka, kikatulia, na televisheni ikafunguka kwa rangi zote.

"Umeona?" Injinia alisema. "Lakini haitadumu. Bora niichukue kabla haijalipuka."

Bwana Kufuli aliitazama picha ile bila furaha. Akaiendea sefu, akaifunga, akaweka funguo mfukoni. Picha ikafa.

"Haijakamilika," alisema. "Piga simu."

Jioni ile Injinia alikaa kwenye kigoda chake na hakugusa chai.

"Mteja wako ana adabu," fundi alisema, akikata uzi kwa meno. "Leo amenipigia mwenyewe kuniuliza kama nimekula."

"Ni uzee."

"Wewe ni kijana, na hujawahi kuniuliza."

"Mimi naona unakula."

"Anataka kunioa."

Injinia alicheka, na kicheko kikakatika katikati kama uzi mbovu. "Anataka kuoa makao makuu?"

"Amesema atanifungulia duka la nguo, na funguo nitashika mimi. Nimjibu nini? Wewe ndiye mkuu wa ofisi."

Neno lile la kila siku lilipanda kwa kasi. Injinia akalimeza. "Mwambie ombi lake linashughulikiwa."

Fundi akalishusha pazia.

Siku ya mwisho Injinia alikwenda na mkokoteni wa kuazima. Mlangoni alikuta televisheni imeshafungwa kwa mablanketi mazuri na kamba mpya. Bwana Kufuli mwenyewe alisaidia kuipakia.

"Ichukue. Sihitaji hata hiyo kubwa," alisema. "Ila kuna kazi moja ndogo kwanza. Mimi posa siwezi kujisemea, si adabu. Wewe unafahamiana na yule bibie. Utakuwa mshenga wangu. Sema maneno yangu, uondoke na mzigo."

Injinia alikuwa amewahi kuwa daktari wa macho, mkaguzi wa maji na mpwa wa waziri. Mshenga ilikuwa kazi nyepesi. Alitazama mkokoteni: mzigo wa maisha yake, hatua chache kutoka barabarani. Alipiga simu akaweka spika.

"Makao makuu," ilisema sauti. Leo hapakuwa na mngurumo.

"Bibie, nimetumwa." Akakohoa. "Kuna mzee mmoja, mtu wa heshima, mwenye nyumba zake. Ameniagiza nikwambie kwamba," na hapo mdomo, ambao haukuwahi kumwangusha mbele ya polisi wala mahakimu, uligoma.

"Endelea, mshenga," ilisema sauti. "Ameagiza nini?"

Injinia alimgeukia Bwana Kufuli. "Mzee, siwezi. Tafuta mwingine. Na televisheni ishushe."

"Kwa nini?"

"Ni tatizo la kiufundi."

"Kitengo hiki hakipokei matatizo ya kiufundi," sauti ilisema, lakini sasa ilitoka mara mbili, mara moja kwenye simu na mara moja nyuma ya mlango wa chumba cha pili. Injinia aliusukuma. Fundi alikuwa ameketi kitandani, simu begani, suruali ya Bwana Kufuli mapajani, akiipandisha upindo.

"Siku ile ya kwanza tu," alisema Bwana Kufuli, "nilipompigia nilimuuliza, bibie, hiyo ni cherehani ya mguu au ya umeme? Akacheka mpaka akashindwa kusema. Halafu akanieleza yote. Nikamwambia, mwache aje, hapa nyumbani kuna kazi za ufundi. Na ule usemi usisahau, kijana: pwagu hupata pwaguzi." Alitoa mfukoni mnyororo, akaufungia mkokoteni kwenye nguzo, pamoja na televisheni. "Mkokoteni utarudishiwa ukishanipigia dari."

Injinia hakumsikia. Alikuwa anamtazama fundi.

"Kwa hiyo posa nayo ilikuwa mchezo?"

"Posa ni ya kweli," alisema Bwana Kufuli, na safari hii sauti yake haikuwa na kufuli. "Amesema hawezi kunijibu mpaka amsikie mtu fulani kwanza. Nimekubali. Lakini nami sitasubiri mpaka nizikwe."

Fundi aliweka sindano chini. Akaikunja ile suruali, akaiweka kando.

"Haya," alisema. "Umewasemea watu wote mjini. Leo hujatumwa na mtu."

Injinia alifungua mdomo, na kwa mazoea yakatoka yale yale. "Hali ilivyo, kuna hatua ambayo mfumo haujai..."

"Mfumo gani?"

Aliuweka mkoba sakafuni. Bila mkoba alionekana mfupi, na mikono yake haikujua pa kwenda.

"Usikubali," alisema. "Nakupenda. Nilinyamaza kwa sababu kila ninachomwambia mtu ni uongo, nikaogopa hata hiki nikikisema, kitasikika vilevile."