Vifurushi Kumi na Kimoja

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimemaliza shule! Miaka kumi na mitatu ya kunyoosha kidole na kukishusha kabla mwalimu hajakiona. Basi. Kuanzia leo mimi, Darlène, ni mtu huru.

Njia ya uhuru huo nimeiona mtaa wa Ntinda, nilipokuwa nimembebea mama vitenge anavyouza maofisini. Tangazo ukutani: klabu ya watembea misituni. Jumamosi tarehe 15 wanaingia msitu wa Mabira, wanatembea, wanalala kwenye mahema, wanarudi Jumapili. Kila mtu aje na viatu, begi, hema na chakula chake. Hakuna usaili. Hakuna kujieleza mbele ya watu. Msituni husalimii mtu! Miti haikuulizi matokeo yanatoka lini.

Nimemtumia jina langu kiongozi wao, Okwir. Kwa ujumbe, bila shaka. Simu ningeikata.

Mama sitamwambia mapema. Atakataa. Nitafungasha kidogo kidogo chini ya kitanda, na siku ya mwisho nitamwambia jioni, akiwa amechoka. Mpango hauna kasoro.

Jumatano, 5 Februari

Begi limepatikana. Nikilivaa linanifunika kuanzia kisogoni hadi nyuma ya magoti. Viatu pia: vizito, vya mitumba, vina manyoya ndani. Nimevibadilisha na gauni langu la sherehe ya kumaliza shule. Muuzaji aliniuliza kama nina uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika zaidi. Kimoja kinabana.

Hema: turubai la mama la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lililokunjwa nyuma ya kabati tangu tuhamie hapa mjini, Lubaga. Lina tundu moja tu.

Tatizo dogo. Binamu yangu Esperance, malkia wa kwaya, mdomo usio na mlango, amenikuta uani nikijaribu viatu. Akauliza manyoya hayo ya kwenda wapi. Nikatazama chini. Akauliza kama ni mbali. Nikasema kiasi. Akauliza kama huko kuna baridi. Nikasema usiku, ndiyo. Akanibusu mashavu yote mawili, jambo ambalo hajalifanya tangu tugombanie mwanasesere darasa la pili. Akaapa hatamwambia mtu.

Nimemshinda kwa ukimya!

Ijumaa, 7 Februari

Mazoezi. Nimepanda kilima cha Mbuya na begi lililojaa vitabu vya jiografia. Nilichagua Mbuya kwa sababu kwenye ramani ya simu kuna kijani kingi. Kumbe kijani chote ni cha jeshi.

Askari aliyesimama getini akaniita kwa Kiswahili cha jeshini: wewe mutoto, begi iko na nini? Nikasema jiografia. Akalifungua. Jiografia. Akauliza ninatafuta nini huku juu. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimjibu kwamba natafuta uhuru. Akasema hiyo tulishapata mwaka sitini na mbili, rudi kwa mama yako.

Hata hivyo nimepanda kilima na nimezungumza na mtu nisiyemjua. Siku yenye mafanikio.

Jumapili, 9 Februari

Ajabu. Baada ya ibada Papa Augustin, mzee wa kanisa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Akanipa kifurushi cha ndagala waliokaushwa. Akasema ni cha mwanawe Tresor, huko Kanada hawana samaki wenye ladha, na Mungu aibariki ndege yetu.

Ndege! Ndipo nikaelewa. Hapa kwetu, wakimbizi kutoka Kongo, mtu akipata nafasi ya kuhamishiwa ng'ambo hasemi. Anaogopa kijicho, anaogopa faili kurudishwa. Anafungasha kimyakimya, na ukimuuliza anatazama chini. Mimi nimetazama chini tangu nizaliwe.

Nilitaka kumwambia Papa Augustin kwamba ninakwenda Mabira, ambako ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Sentensi nzima ilikuwa tayari mdomoni. Ikatoka: ndiyo, Papa.

Nyuma yake kulikuwa na foleni.

Jumanne, 11 Februari

Vifurushi kumi na kimoja. Ndagala, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyokaushwa, karanga, unga wa muhogo, pilipili ya Goma kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Kimoja kinaenda Australia. Nimesema ndiyo.

Esperance ameleta picha yake akiwa katika sare ya kwaya, ili huko nimtafutie mchumba mwenye nidhamu. Ameomba pia arithi kitanda changu. Alikuja na futi ya fundi, akakipima nikiwa nimekikalia!

Alhamisi, 13 Februari

Nilipoingia chumbani mama alikuwa ameketi kitandani kwangu, begi liko mbele ya miguu yake. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Juu ya vitu vyangu alikuwa ameweka sweta yake, ile moja aliyo nayo. Akasema Kanada kuna baridi. Akasema amesikia kanisani tangu Jumapili, na siku zote nne alikuwa akisubiri nimwambie mwenyewe kwamba faili lina jina langu tu.

Sijawahi kuongea haraka namna ile. Nilimwambia yote: Ntinda, Okwir, msitu, turubai.

Akauliza, polepole, kama anayesoma fomu. Yaani nitalala chini ya turubai. Kwa hiari yangu. Hakuna anayenifukuza. Nikasema hakuna. Akasema yeye amelala chini ya turubai hilohilo miaka minne, watu wakimwonea huruma, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba yuko klabu.

Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, kwa machozi.

Mambo mawili. Kwanza, nimeruhusiwa! Pili, nimeahidi kwamba kesho nitarudisha vifurushi vyote na kusema ukweli kwa mdomo wangu. Jioni mama alinipeleka uani kunifundisha: kiraka cha tundu, fundo la kamba, mteremko, mfereji wa kuzunguka hema, upana wa kiganja. Mfereji kwanza, alisema, maombi baadaye.

Ijumaa, 14 Februari

Nilifika mlangoni kwa Papa Augustin. Nilimsikia ndani akimwambia mtu kwenye simu kwamba Tresor atalia akinusa wale ndagala. Nikaondoka nikinyata.

Mpango mpya, bora zaidi: nitavibeba vyote kumi na kimoja Mabira ili mama asivione, nitavirudisha Jumatatu. Sufuria yangu ya kupikia haikuenea begini. Nimeiacha.

Jumapili, 16 Februari

Nimerudi! Kisigino kimoja hakina ngozi. Sijali.

Niandike kwanza hili. Jana kwa saa tatu nilitembea chini ya miti mirefu kiasi kwamba jua lilifika chini likiwa vipande vipande. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, kisha wa katikati, kisha, sijui vipi, wa mbele. Tulipofika juu ya mwinuko Okwir akasema kila mtu aite jina lake. Niliita langu. Lilikwenda mbali, likarudi. Sikujua sauti yangu ni kubwa hivyo.

Kisha wote wakaenda kupiga picha ukingoni. Mimi naona haya mbele ya kamera, nikabaki nimekalia begi. Nyani wakashuka. Wakabeba mikate, mayai, ndizi, keki ya Okwir, kila kitu cha klabu isipokuwa nilichokuwa nimekalia.

Okwir aliporudi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, kama kuna yeyote mwenye chakula. Watu kumi na wanne walinitazama. Nikasema ndiyo.

Ndagala wa Tresor ni watamu sana. Tuliwapika katika sufuria ya mwenzangu mmoja. Mvua ikaja jioni. Mahema mazuri ya Ntinda yaliingia maji. Langu, lenye mfereji wa mama, lilikuwa kavu, na tulilala humo wasichana sita. Nilicheka na watu ambao majina yao niliyajua asubuhi hiyohiyo!

Jumatano, 19 Februari

Mama alitangaza ukweli kanisani Jumapili nikiwa msituni, na niliporudi akasambaza pia habari za nyani na za safari ijayo ya klabu. Esperance hanisemeshi, na kitanda kimebaki changu.

Leo nimekwenda kwa Papa Augustin kuungama. Sentensi sita, zimeandikwa kiganjani. Hakuniacha nianze. Akasema samaki wakiliwa na wenye njaa wamefika. Kisha akauliza kama ni kweli klabu inapanda mlima Rwenzori mwezi wa nne. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kweli ukiwa juu unaiona Kongo. Nikasema wanasema hivyo. Akasema basi ukishuka upande wa pili ni Beni, na dada yake yuko Beni, hawajaonana miaka kumi. Je, ningeweza kumfikishia kitu kidogo?

Ni sufuria ya arusi, ya kupikia watu mia, na mfuniko wake.

Nyuma yake kulikuwa na foleni.

Sasa iko chini ya kitanda. Kitanda kimeinuka upande mmoja. Mama amepita, akasimama, akauliza kwa nini ninalala kwenye mteremko. Nikatazama chini.

Nitamwambia Aprili, jioni, akiwa amechoka. Mpango hauna kasoro.