Pigo Moja la Mkandarasi

Mshauri alianza kupenda gofu siku aliyopewa notisi na dada yake. Mshauri wa nini, hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa na koti zuri na sauti ya kutuliza watoto, na kwa watu wengi hayo yanatosha.

"Kaka yangu, kochi ni la kukalia," dada alimwambia huku akikunja shuka. "Shemeji yako amechoka kutazama taarifa ya habari akiwa amesimama. Mwisho wa mwezi uwe umepata chumba."

Wapo watu ambao wakifukuzwa hutafuta kazi. Mshauri alitafuta klabu ya gofu, kwa hoja kwamba kupe hagandi penye mbuzi mmoja ilhali zizi la ng'ombe liko jirani.

Gofu, kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ni watu wazima wenye magari kutembea juani kwa miguu wakitafuta mpira walioupoteza wenyewe. Huvaa glovu mkono mmoja, na mwenzao anapotaka kupiga hunyamaza kama wako msibani. Mshauri alikaa kwenye benchi karibu na maegesho akawatazama, na haikuchukua muda akamwona mtu wake.

Mtu wake alikuwa Mkandarasi, na alikuwa amekaa peke yake kwa sababu hakuna aliyetaka kucheza naye. Wenzake wakitaka kupiga, yeye alipiga simu za saruji. Mpira wake ukilala pabaya aliusogeza kwa kiatu, na mapigo saba aliyahesabu manne bila hata kuona haya. Mipira hakununua kamwe. Aliazima, na alichoazima hakikurudi.

Lakini hata mtu kama huyo ana kidonda chake. Kaka wa mkewe, Daktari wa Meno, aliwahi kutia mpira shimoni kwa pigo moja tu, jambo ambalo wachezaji wengi hufa bila kulionja. Tangu hapo hadithi hiyo aliisimulia harusini, msibani, na zaidi ya yote kwa wagonjwa waliokuwa wameachama kitini na hawakuwa na pa kwenda.

"Mzee, una mkono wewe," Mshauri alianza.

"Mkono gani? Mpira umeishia barabarani."

"Barabara imejengwa vibaya, mkono hauna kosa."

"Barabara ile nimeijenga mimi."

"Basi ndiyo maana mpira umeipenda," Mshauri akajibu bila kupepesa jicho.

Mkandarasi alicheka, na anayecheka amekwisha kufungua mlango. Kabla chai haijapoa, Mshauri alikuwa ameshamnong'oneza: pigo moja, mpira shimoni, siku ya mashindano makubwa, shemeji mtu akiwa hapo hapo.

"Kwa nini siku hiyo?"

"Watu wengi, sifa nyingi. Televisheni zitakuwepo. Utafanya mambo kama ya nyumba: unatoa kianzio sasa, kilichobaki ukikabidhiwa funguo."

Mkandarasi, ambaye hajawahi kumkabidhi mtu funguo kwa wakati, aliyapima masharti hayo kwa makini makubwa. Akakubali. Mtu akionewa na shemeji miaka yote hiyo hufikia mahali akili inampa kisogo.

Kianzio Mshauri hakukigusa. Alikishonea ndani ya koti, akaenda kuona chumba nyuma ya duka la mikate: dirisha moja, bomba uani, mlango unaofungwa kwa ndani na mtu mwenyewe. Alisimama katikati ya chumba kile akanyoosha mikono yote miwili bila kugonga kabati la mtu, na moyo ukamlainika kweli. "Jumatatu naleta kodi," alimwambia mwenye nyumba, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anasema kweli.

Gofu lenyewe alijifunza kwenye televisheni, shemeji yake akiwa kazini. Alijifunza kusimama, kukunja uso na kulaumu upepo. Aliona kwamba amelimaliza.

Siku ikafika. Mahema yalijaa wageni, walinzi, waandishi wa habari na wake za wakubwa waliovaa kofia za kuzuia jua na majirani. Asubuhi, kabla ya mabingwa, wanachama walipewa nafasi ya kufungua uwanja. Mkandarasi alimleta Mshauri kama mgeni wake, na wakapangwa wanne: wao wawili, Daktari wa Meno na Mwenyekiti wa klabu. Mipira, kama kawaida, Mkandarasi aliazima, safari hii kutoka boksi la Mshauri. Yote ilikuwa na nukta ya kijani.

Shimo walilolingoja lilikuwa nyuma ya kilima kidogo, halionekani kutoka pa kupigia. Mkandarasi akapiga, mpira ukapotelea kwenye kichaka cha juu ya kilima. Mshauri naye akaupeleka wake kichaka hicho hicho, makusudi, ili apate sababu ya kwenda mbele.

"Wazee, natangulia kutafuta!" alisema, akakivuka kilima mbio. Mfuko wa suruali yake ulikuwa umetobolewa; mpira wa tatu wenye nukta ya kijani ukateremka mguuni, ukagota kiatu, ukaingia shimoni kwa adabu.

"Jamani! Njooni muone!"

Walikuja wakihema. Daktari wa Meno aliinama, akatoa mpira, akageuka rangi.

"Wa nani huu?"

"Wa Mkandarasi," Mshauri akasema, karibu alie.

Mkandarasi alikumbatiwa na Mwenyekiti. Alikumbatiwa na shemeji yake. Kwa muda alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote nchini.

"Haya, shemeji," Daktari wa Meno akasema akijifuta jicho, "twende ukatimize mila."

"Mila gani?"

"Ina maana hujui? Anayetia kwa pigo moja huwanywesha wote waliopo klabuni. Mimi nilinywesha watu tisa tu, siku ya mvua. Wewe leo una bahati, kumejaa!"

Mkandarasi alipanda kilima akayatazama mahema. Alitazama sana. Sifa na ubahili vilipigana mweleka usoni pake, na ubahili ulikuwa na mazoezi zaidi.

"Mimi nasema ukweli daima," alitamka kwa huzuni. "Wangu niliuona ukiingia kichakani. Huu ni wa bwana huyu. Mipira yenyewe si yake?"

"Hapana!" Mshauri akaruka. "Si wangu, naapa!"

"Tazameni unyenyekevu huo," Mwenyekiti akasema, sauti ikitetemeka. "Umejuaje kama si wako, ndugu yangu? Uliuona wa mwenzako ukiingia?"

Mshauri alifungua kinywa. Kila jibu alilolipata humo lilikuwa na kifungo ndani yake. Akakifunga.

Walimbeba juujuu mpaka kwenye mahema. Kamera zikamkimbilia. Wageni walikunywa, walinzi walikunywa, waandishi walikunywa na kuagiza vya kubeba. Mhudumu alipoleta bili, Mshauri alichana bitana ya koti mwenyewe, na kilichotoka kilitosha kwa karibu yote. Kilichopungua kilifidiwa na koti.

"Na kianzio changu je?" Mkandarasi alimnong'oneza, glasi mkononi. "Kazi uliyofanya si yangu. Shimo limeandikwa jina lako."

Mshauri alirudi kwa dada yake kwa miguu, amebaki na shati tu. Alikwisha kuipanga hotuba: wiki moja tu, dada, wiki moja na kochi.

Furushi lake la shuka lilikuwa barazani, limefungwa kamba vizuri, na sanduku juu yake. Dada alisimama mlangoni, macho yamemjaa machozi ya furaha.

"Tumekuona kwenye taarifa ya habari!" alisema. "Shemeji yako ameitazama akiwa amekaa. Mtu anayenywesha mji mzima leo hii alale kwenye kochi letu? Hatuwezi kukuvunjia heshima hiyo, kaka."

Akamkumbatia kwa upendo, akafunga mlango.