Minyoo Hawaui Mwenyeji

Jumanne, 22 Aprili 2025
Semina ya mifugo, ofisi ya kijiji hapa Maore. Mtaalamu ni dada mmoja, Victoria, kasomea hesabu za minyoo. Sikujua minyoo wana hesabu! Akachora ubaoni mstari wa idadi ya wenyeji: mnyoo akimuua mwenyeji wake upesi, naye anakufa, kwa hiyo wenyeji hawamaliziki. Nikanakili yote. Kumbe minyoo wana adabu. Mbuzi wetu saba, alioachiwa mke wangu Esta na marehemu mama yake, ni wenyeji kabisa. Wamezaliwa hapahapa. Wageni ni wale wa Sifael, jirani na mzee mwenzangu wa kanisa. Kawatoa Kwakoa.

Jumatano, 23 Aprili
Esta kanipa dawa ya minyoo niwanyweshe. Nimempelekea Sifael chupa nzima, kwa ajili ya wageni wake. Huruma ya Kikristo, na majivuno kidogo. Sifael aliuliza mara mbili kama naumwa. Jioni Esta akauliza kuhusu dawa. Nikasema imekwisha. Si uongo. Au ni uongo mdogo.

Jumapili, 4 Mei
Wanne wamekufa. Fizi nyeupe kama karatasi, chini ya taya kumevimba. Wa Sifael wanarukaruka. Esta hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Alikaa zizini akiwataja waliokufa, kwa majina waliyopewa na mama yake. Ee Mungu, nirehemu.

Jumanne, 6 Mei
Nimemfuata Victoria hadi Ndungu, nikamlaumu kwa upole. Akashika kichwa.
"Baba, mwenyeji ni mbuzi yeyote mwenye mnyoo tumboni. Hata angetoka Ulaya."
Tena hesabu ile, akasema, ni ya maelfu ya mbuzi, si ya zizi la mtu mmoja. Kanipa dawa ya watatu waliobaki. Nyumbani nikamuungamia Esta kila kitu. Akanishikisha ile dawa.
"Hao watatu, baba Anold. Nakuomba."

Jumatano, 7 Mei
Kabla ya kuwanywesha nimefungua daftari, nikautazama tena ule mstari. Unashuka, unashuka, kisha unalala. Haugusi chini! Basi sisi tumeshafika pale unapolala. Watatu hawa ndio masalia, hata nabii Isaya alisema masalia wataokoka. Dawa nimeihifadhi kabatini, isiharibike bure.
Mmoja hajala tangu asubuhi. Nadhani amefunga.