Fundi Aliyelilia Bati

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimepanda paani na macho mapya. Lenzi. Vijiduara viwili laini vya kubandika machoni, na anayenitazama hajui kitu. Miwani nimeifungia kabatini. Mwezi uliopita iliniteleza kwa jasho ikaanguka, na mkandarasi akanikuta natambaa juu ya mbao nikiipapasa kama mtu aliyepoteza jino. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Na huu si wakati wa kuchezea. Tukimaliza nyumba hii kuna ukumbi wa shule, na mkandarasi anatafuta fundi wa kuusimamia. Tuko wawili: mimi na Mwamvuli. Jina amelipata kwa kofia yake, pana kama sinia.

Daktari wa macho alinieleza mengi siku aliyonipa lenzi. Alianza kwa kusema zina kinga ya mionzi ya jua. Akaendelea kwa muda mrefu, ila mimi tayari nilikuwa kwenye kioo. Zina kinga, yatosha. Miwani yangu ya jua nimempa shemeji, kaka wa mke wangu. Anafanya kazi ghalani, mahali pasipo na dirisha. Alishukuru sana.

Jumanne, 4 Februari

Mabati yameanza kupanda. Mapya, meupe, yanawaka kiasi kwamba ndege wanazunguka mbali. Mwamvuli kaja na sinia lake, na miwani nyeusi iliyoukumbatia uso mpaka masikioni. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba bati hulirudisha jua juu, hivyo fundi hupigwa kutoka pande mbili. Nikamjibu kwamba kinga yangu iko ndani kwa ndani.

Mchana nikamdokeza mkandarasi kwamba mtu anayeficha macho siku nzima ana jambo. Mkandarasi akasema ndiyo, jambo lenyewe ni jua.

Mpango umekufa. Nitapata mwingine.

Jumatano, 5 Februari

Macho yana mchanga. Nimeyaosha, mchanga haupo, lakini upo. Machozi yanatoka yenyewe. Mke wangu akauliza miwani ya jua iko wapi. Nikasema shemeji aliihitaji. Akauliza kwa lipi. Nikaenda kuosha macho tena.

Mama mkwe, anayeishi nasi, ameamua nina ugonjwa wa kuambukiza. Nimetengewa taulo, kikombe na kiti. Kiti kiko nje.

Alhamisi, 6 Februari

Siku kubwa! Mwenye nyumba alikuja kukagua. Mama mtu mzima, mkoba mkononi, maneno machache. Alinikuta nashuka ngazi, machozi yananichuruzika mpaka kidevuni.

"Fundi, unalia?"

Ningeweza kusema ukweli. Lakini mkandarasi alikuwa nyuma yake, na fundi mwenye macho mabovu hapewi ukumbi. Nikatazama juu.

"Mama," nikasema, "hili paa."

Basi. Sikuongeza. Akauhamishia mkoba mkono wa pili. Kisha akamwambia mkandarasi kwamba amejenga nyumba tatu maishani mwake, na kati ya mafundi wote waliopita kwake hakuna hata mmoja aliyewahi kuguswa hivi na kazi yake.

Baadaye nikaambiwa yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Shule ileile. Ukumbi uleule.

Ijumaa, 7 Februari

Habari imeenea. Mpiga plasta ameniomba ushauri wa mambo ya moyo. Mkandarasi ananitazama kama mtu aliyegundua ana mtoto msomi.

Mwamvuli peke yake kaniuliza kama nanawa mikono kabla ya kushika lenzi. Kumbe anajua. Nikamwambia lenzi gani.

Saa sita nikaona kingo mbili za paa. Nikachagua moja. Haikuwa yenyewe. Mwamvuli akanidaka kwa mkanda wa suruali, mguu wangu mmoja ukiwa tayari hewani. Nikamwambia nilikuwa naupima mkanda. Akasema ni imara. Lakini hakuuachia mpaka tulipofika chini.

Jumamosi, 8 Februari

Mke wangu alinipeleka kwa daktari, kanishika kiwiko kama babu. Daktari akazitoa lenzi, akanitia matone, akamulika kwa taa. Uso wa jicho umeungua. Jua huchoma jicho kama linavyochoma ngozi, akasema.

Nikamkumbusha kinga. Akasema alinieleza, nami nikaitikia kwa kichwa. Lenzi hufunika mboni na pembeni kidogo tu. Weupe wa jicho na kope viko nje. Kuitegemea lenzi peke yake ni sawa na kuvaa soksi ukajiona umevaa suruali. Mke wangu akacheka zaidi ya ilivyohitajika.

Amri: lenzi marufuku mpaka aseme yeye. Zikirudi, juu yake nivae miwani ya jua ya kuzunguka uso, yenye maandishi kwamba inazuia mionzi yote, na kofia pana. Hata siku ya mawingu.

Nikauliza machozi yatakoma lini. Siku mbili tatu, akasema. Nikauliza kama kuna njia ya kupona polepole zaidi. Daktari akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepona. Msiba huo. Macho makavu kama mbao za dukani. Na mkandarasi ametangaza: keshokutwa mwenye nyumba anakuja na wanakamati wawili kumwona fundi anayelia.

Nimejaribu kulia kwa nguvu zangu mwenyewe. Nikawaza mazishi yangu. Watu walikuwa wengi mno, nikajikuta natabasamu. Nikajaribu kitunguu. Mama mkwe akakipokonya, akasema ni cha mboga.

Limebaki bati.

Jumanne, 11 Februari

Saa sita mpaka saa nane, upande wa nyuma wa paa, macho wazi, bila miwani ya aina yoyote. Niliwaambia natafuta matundu. Mwamvuli akaja akanivika kofia yake. Nilimngoja aondoke, nikaivua.

Jumatano, 12 Februari

Machozi yalipatikana. Shida ni kwamba macho yalikataa kufunguka kabisa.

Nilisimama chini ya ngazi, nikasikia viatu vinakuja. Nikanyoosha mkono kulielekea paa, nikasema tazameni. Mwenye nyumba akaniambia kwa upole kwamba paa liko nyuma yangu. Nikageuka, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikamshukuru kwa kuwa mama wa mafundi. Mkono ulikuwa mkubwa, una sugu.

"Ni mimi," akasema Mwamvuli. Kisha akawageukia wageni. "Samahani, mama. Macho yake yameungua na jua. Anaumwa."

Hakutaja uongo wangu. Angeweza. Wanakamati wakamuuliza maji ya mvua yatapita wapi, mbao zimepishana vipi. Akajibu kila kitu. Nilikuwa nayajua majibu yote, lakini sikujua wako upande gani. Mkandarasi akasema ukumbi ni wa Mwamvuli. Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.

Mwamvuli akanishika mkono mpaka nyumbani. Njiani akanisimulia habari za baba yake. Alikuwa fundi wa mabati, hakuwahi kuvaa kofia. Nyama ikamwota jichoni, ikatambaa mwaka baada ya mwaka mpaka ikafika kwenye mboni. Mwishoni alikuwa anatafuta msumari kwa kidole gumba, na mtoto wake anamwelekeza: kulia, baba, kulia kidogo. Mtoto huyo ni yeye.

Machozi yalikuwa yanatoka, sikuweza kujua ni yepi yalikuwa yangu.

Jumamosi, 15 Februari

Macho yamefunguka. Daktari anasema nina bahati, na kwamba hataki kulisema neno hilo mara ya pili. Mke wangu amenunua kofia pana na miwani ya kuzunguka uso, ameviweka mlangoni juu ya viatu vyangu, nisipite bila kuvigusa.

Nimetafakari sana siku hizi za giza. Nimelielewa kosa langu, na nalikiri: zile lenzi zilikuwa nyeupe. Jua lilipenya. Nani alisikia miwani ya jua nyeupe?

Asubuhi, karibu na kituo cha mabasi, nimekutana na kijana anayeuza lenzi nyeusi tititi. Zimo kwenye kichupa, hazina karatasi wala maandishi ya kumchosha mtu. Nikamuuliza kama ukizivaa unaona. Akasema mtu huzoea.

Nimechukua jozi mbili. Moja ni ya Mwamvuli. Aliyenishika mkono mpaka nyumbani siwezi kumwacha aendelee kuteseka na kofia.