Mtungi Wenye Saa

Alhamisi, 1 Agosti
Wiki ijayo shangazi anasafiri kwenda kumuuguza bibi. Funguo za duka lake la fotokopi atamwachia mmoja wetu: mimi, au binti wa baba mkubwa, ambaye ukoo mzima humwita Mtulivu. Mtulivu hana mipango. Mimi ninayo. Kinga ya moto dukani ni ndoo ya maji, tena kando ya mashine ya umeme! Nilimweleza shangazi kwa adabu kwamba maji hupitisha umeme, na anayemwaga anaweza kupigwa shoti. Alinitazama kwa heshima. Kesho natumwa kununua mtungi wa kuzimia moto. Mtulivu alisema hongera. Wivu tu huo.

Ijumaa, 2 Agosti
Muuzaji alikuwa na mitungi ya aina tatu. Wa maji niliukataa kwa sauti, wateja wengine wapate elimu. Ikabaki ya unga na ya gesi ya kaboni. Alisema yote miwili huzima moto wa umeme, ila gesi hupotea hewani na unga hubaki. Niliitikia kwa kichwa huku nikitazama. Wa gesi ulikuwa mdogo, una domo jeusi kama tarumbeta. Wa unga ulikuwa mnene, una kisaa mbele, mshale umesimama kwenye kijani. Kitu chenye saa huonekana kimesoma. Nikachukua huo.
Shangazi aliuliza kama nina hakika.
"Shangazi, niamini."

Jumamosi, 3 Agosti
Bora nisingeamka leo. Mashine ya fotokopi ilitoa moshi mwembamba kama uzi. Mtulivu akainuka kuelekea ukutani. Nikaona atanitangulia. Nikachomoa pini, nikabana.
Sikujua unga ni mwingi hivyo! Kijana aliyekuja kutoa nakala za cheti aliondoka na mvi. Wingu lilipotulia, Mtulivu alikuwa amesimama karibu na soketi, plagi mkononi. Kumbe ni karatasi tu iliyokwama.

Jumatatu, 5 Agosti
Fundi aliifungua mashine, akapiga chafya. Alisema karatasi angeitoa kwa vidole viwili. Unga, hapana, umeingia hadi moyoni. Ameondoka nayo.
Shangazi hakugomba. Heri angegomba. Aliigeuza ile ndoo, akaikalia, akampigia bibi simu kumwambia safari imeahirishwa. Nilimsikia bibi akijibu kwamba haidhuru, atasubiri. Nilifuta rafu moja kwa muda mrefu sana, hata baada ya kutakata.

Jumatano, 14 Agosti
Mashine imerudi. Shangazi ameununua mtungi wa gesi mwenyewe, akautundika mlangoni, kisha akaniita kando.
"Mwanangu, ukiona moshi, zima umeme kwanza. Halafu niite. Mtungi baadaye."
Akasema anasafiri kesho, na funguo bado hajaamua. Bado! Hakunifuta kabisa.
Nikataka aone kwamba nimeelewa. Niliandika tangazo kwa herufi kubwa, mwandiko wangu wa mtihani: ZIMA UMEME KWANZA. Ili lidumu, nikalipitisha kwenye mashine ya laminesheni, ile ya kuvika karatasi plastiki. Likakwama katikati. Likanuka. Likatoa moshi. Niliurukia mtungi wa gesi, mtungi sahihi kabisa, nikapuliza. Moshi ukapotea. Ukarudi. Nikapuliza tena. Ukarudi. Gesi ilipoisha, Mtulivu alipita nyuma yangu na kuchomoa plagi.
Tangazo lilitoka limeungua. Limebaki neno KWANZA.
Funguo anazo Mtulivu. Shangazi anafunga mizigo, na amenishika bega akasema bibi atafurahi nikimwandikia. Nitamwandikia. Nitamwomba radhi kwa wiki aliyosubiri.
Nimefikiri jioni yote ili nijue nilikosea wapi, na nadhani nimepata. Mtungi ule ulikuwa mdogo mno. Halafu haukuwa na saa.