Mrehani Kwenye Chupa ya Waridi

Jumanne, 14 Mei

Waridi limechanua bonde zima. Mtambo wangu wa mafuta ya waridi unapumua mvuke kama ng'ombe wakati wa baridi. Namshukuru Mungu na Mama Mtakatifu.

Mchana akaja Daktari Ralitsa kutoka maabara ya mji wa Plovdiv, akatuita ukumbini sisi sote wenye mitambo ya mafuta. Alisema mafuta ya waridi si kitu kimoja, ni viambato chungu nzima ndani ya chupa moja. Sheria inataka vichunguzwe, isije ikawa kimojawapo kinavuruga homoni za watu. Akipatikana mkorofi mmoja tu, mafuta yote yanabandikwa lebo yake, na watengeneza manukato watatukimbia kijiji kizima.

Nikasimama. Nikasema mimi mvuke huu nimeuvuta tangu nina ubwabwa wa shingo, nina watoto watano, na masharubu haya hapa!

Mke wangu Penka akanivuta koti, akanong'ona, "Kaa chini, baba. Watakuangalia kifua kilivyoota matiti."

Nikakaa. Nikafunga vifungo vyote.

Alhamisi, 16 Mei

Kijiji kizima kitawakilishwa na sampuli moja. Moja! Jirani yangu Mincho anataka iwe yake. Mincho, ambaye hasali mpaka aone wingu la mvua ya mawe!

Nikampelekea Daktari banitsa ya Penka, mkate wetu wa jibini, ya moto, siagi inachuruzika. Alipokuwa anatafuna nikamweleza, kwa masikitiko makubwa, kwamba mtambo wa Mincho ulipikiwa rakia, pombe kali ya matunda, msimu wa vuli. Si uongo. Wangu pia ulipikiwa, lakini hakuniuliza. Akasema basi, tuanze na yako.

Ushindi! Mincho akanipita njiani, akasema, "Hongera, bai Nedko. Usije ukaiharibu tu."

Ameniita bai, yaani kaka mkubwa, lakini wivu huo.

Jumanne, 21 Mei

Sikukuu ya Watakatifu Konstantino na Helena. Padri Evtimi amekuja kubariki mitambo. Akachovya shada lake la mrehani kwenye maji ya baraka, akatunyunyizia. Tone likaniingia jichoni. Dalili njema.

Daktari alikuwa ameniagiza nijaze chupa, niifunge, nisiiguse tena mpaka aje jioni. Nikajaza. Nikaitazama. Ikanitia huruma. Kitu kidogo hivyo, kimebeba riziki ya kijiji, halafu kisafiri bila baraka?

Padri alipokwenda kunawa, nikachomoa kijitawi kwenye shada lake, nikakitumbukiza chupani kiloweke wakati tunakula. Baada ya chakula nikachuja kwa leso ya Penka. Safi kabisa. Baraka haionekani kwa macho, nani atajua?

Ijumaa, 31 Mei

Maabara wamejua.

Daktari alituita tena ukumbini, uso umemkunjamana. Alisema ndani ya sampuli kuna kiambato ambacho hajawahi kukiona kwenye waridi, hajui kimetoka wapi, na tathmini yote imesimama. Mavuno yanakaribia kwisha. Bila sampuli ya kuaminika, mnunuzi atahamia bonde jingine. Bibi Velika, mjane mwenye shamba dogo kuliko sisi sote, akajifuta macho kwa aproni. Mimi nikaanza kusoma maandishi ya kwenye kizima-moto.

Daktari akauliza kama kuna mtu anapanda kitu kingine kati ya waridi. Mincho akaomba chupa, akainusa mara moja.

"Hii inanuka kama Padri Evtimi," akasema.

Watu wote wakageuka. Hawakumtazama Padri. Walinitazama mimi!

Nikasema yote, mpaka leso. Penka akasema kumbe ile leso. Daktari akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza. Kisha akaenda kwa Mincho na chupa mpya. Safari hii aliijaza Daktari mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Majibu yamekuja. Sampuli ya Mincho haina mkorofi. Mnunuzi anabaki, kijiji kimepona. Bibi Velika sasa anamwita Mincho mwanangu. Mimi ananiita yule.

Mincho alininunulia glasi ya rakia mbele za watu. "Kunywa, bai Nedko," akasema kwa upole, "haina mrehani." Kicheko hicho!

Baada ya ibada Padri alinishika bega. Alisema Mungu alipoliumba waridi alitia kila alichotaka kutia, na hakubakiza nafasi yangu. Nilitoa machozi. Nikapiga magoti mbele ya ikoni, nikaapa: sitatia tena kitu chochote kwenye chupa ya mtu wa maabara. Kiapo ni kiapo.

Lavenda inavunwa Julai, nayo itachunguzwa vivyo hivyo. Sampuli moja. Penka nimeshamwagiza banitsa.

Padri nimemwomba aniazime chetezo siku hiyo. Ubani hautiwi chupani. Unafukizwa tu kando, chupa ikiwa wazi. Moshi nao ni kitu?